Ratiba imebandikwa ukutani, bado kila abiria anauliza "boti saa ngapi?" Kosa ni la msomaji au la karatasi?

#1 Mdau wa Kibirizi
Wakuu salaam. Hili jambo limenikaa kichwani muda sasa, naomba tulijadili bila matusi.

Nipo Kigoma mjini, biashara ya dagaa inanipeleka Kibirizi, kwenye boti za Ziwa Tanganyika, mara kwa mara. Pale kuna ofisi moja ya kukatia tiketi za boti za kaskazini, Mwamgongo, Kagunga huko (ofisi yenyewe siitaji, sio lengo). Ukutani wamebandika ratiba, karatasi kubwa, imechapwa kwa kompyuta, imewekwa nailoni isilowe. Kila kitu kimo, siku, saa, nauli, mzigo mwisho kilo ngapi. Sasa kaa kwenye benchi uangalie. Mtu anakuja, anasimama mbele ya karatasi, anaikodolea macho kabisa, halafu anageuka kwa dada wa tiketi: "samahani dadangu, ya Kagunga inaondoka saa ngapi?" Anayefuata hivyohivyo. Dada wa watu mpaka sauti inamkauka.

Mabaharia wanasema watu wa huku hawapendi kusoma. Mimi nakataa. Mtu aliyesimama mbele ya karatasi amesoma, au amejaribu kusoma. Kama wengi wanasoma na bado wanauliza basi kosa liko kwenye karatasi, na aliyeiandika ndiye wa kuulizwa. Mnaonaje?

#2 KuheMchemsho
Hatusomi mkuu, tukubali tu yaishe. Ukitaka kumficha mtu kitu kiandike.

#3 binti_ujiji
@KuheMchemsho hiyo kauli imechoka kaka. Mbona msimamo wa ligi kila mtu anausoma? Mwanangu yupo darasa la tatu, anakuonyesha timu ipo ya ngapi, imecheza mechi ngapi, imefungwa mangapi, hakuna aliyemfundisha. Lile ni jedwali limejaa namba tupu na linasomwa na nchi nzima, vijiweni, saluni, kwenye boda. Kwa hiyo kusoma tunasoma, tatizo ni tunachopewa kusoma.

#4 FundiFlexi_Mwanga
Mdau nikuulize kitu kabla sijachangia. Hiyo karatasi ukianza juu kushuka chini inaanza na nini?

#5 Mdau wa Kibirizi
@FundiFlexi_Mwanga swali zuri. Juu kuna nembo mbili, halafu jina la kampuni, sanduku la posta, namba za simu, chini yake TANGAZO KWA ABIRIA WETE WAPENDWA (ndivyo walivyoandika), halafu YAH: RATIBA YA SAFARI, halafu "Uongozi unapenda kuwatangazia abiria wote kuwa", halafu masharti ya mzigo, ndo ratiba yenyewe inakuja huko chini. Na haipo kwenye jedwali, ipo kwenye aya, siku zimefuatana kwa mkato. Yote herufi kubwa.

#6 FundiFlexi_Mwanga
Nilijua. Hiyo ni barua ya ofisini imebandikwa ukutani. Barua ina mpangilio wake, nani anaandika, kumbukumbu namba, yah, na ni sawa kwa sababu anayeisoma amekaa kwenye kiti na ina safari ya kuingia faili. Abiria amesimama, ana mtoto mgongoni, ana ndoo ya mawese mkononi, anatafuta KITU KIMOJA. Unamlazimisha apite nembo mbili na salamu za uongozi kabla hajafika kwenye saa, lazima akate tamaa ageuke kwa yule dada, maana dada anajibu kwa sekunde mbili.

Mimi hii ndo kazi yangu, mabango, flexi, stika, kadi. Niwaambie kinachoharibu. Flexi inauzwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo mteja akiona sehemu imebaki nyeupe anaona hela yake imelala pale. Anakwambia hapa weka picha, hapa ongeza namba ya simu ya shemeji, hapa zungushia maua. Ukimweleza kwamba ile nafasi tupu ndo inalifanya jicho lione maandishi anakuona mvivu au unataka kumwibia. Nimekuwa nikigombana na watu kwa ajili hiyo na sitaacha, kwa sababu bango lisiposomeka aliyeumia ni abiria aliyeachwa, mwenye bango hata hajui.

Kanuni yangu ni moja, chukua swali linaloulizwa kuliko yote dirishani, jibu lake ndo liwe kubwa kuliko yote ukutani. Jina la kampuni lishuke chini, mtu ameshafika ofisini kwako, anajua yuko wapi.

#7 KuheMchemsho
@FundiFlexi_Mwanga hapo umeongea kaka, narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#8 Mwl_Kasulu
Naunga mkono ila niongeze la herufi. HERUFI KUBWA TUPU zinachosha. Uingereza walipokuwa wanajenga barabara zao kuu za kwanza miaka ya 1950 mwishoni, kazi ya vibao walipewa Jock Kinneir na Margaret Calvert. Vibao vya zamani majina ya miji yaliandikwa kwa herufi kubwa, wao wakaweka herufi kubwa ya mwanzo tu na zilizobaki ndogo, hoja yao ni kwamba neno la herufi ndogo lina umbo, kuna zinazopanda juu kama b na k na zinazoshuka chini kama g na p, dereva akiwa kwenye mwendo analitambua jina kwa umbo kabla hajalisoma. Mpaka leo vibao vyao ndo vinatumika kule.

#9 Mnyamwezi_Kiloleni
@Mwl_Kasulu nakubali kwa mia, ila sidhani umbo la neno ndo sababu. Wapo waliolipinga hilo, wanasema jicho linasoma herufi mojamoja kwa haraka, halisomi umbo, na herufi ndogo zinashinda kwa sababu tumezizoea tu, vitabu vyote ni herufi ndogo. Matokeo ni yaleyale lakini sababu ni nyingine.

Huku Tabora shida yetu ni lebo za asali. Nyuki mkubwa katikati, maua, mzinga, na uzito umeandikwa kwa rangi ya njano juu ya asali ya njano. Mteja anaitikisa chupa kukisia kilo. Nyie mwisho wa reli angalau mna karatasi nyeupe.

#10 NesiWaZamu
Habari zenu. Nimesoma wote, hakuna aliyegusa macho. Mtu akivuka miaka 40 hivi jicho linaanza kushindwa kusoma vya karibu, ni kawaida ya mwili, sio ugonjwa, na wengi huku hawana miwani ya kusomea. Wanaona mbali vizuri kwa hiyo hawajijui kama wana shida. Akisogea karibu na karatasi maandishi yanafifia, akirudi nyuma yanakuwa madogo. Hataki kusema mbele za watu, anauliza. Sasa ukimwita hasomi unamwonea.

Halafu ile nailoni. Kibirizi imeangalia ziwani, yaani magharibi. Kuanzia saa tisa jua linapiga moja kwa moja, nailoni inang'aa, huoni kitu. Wakabandike ukuta wa pembeni au watumie nailoni isiyo na mng'ao.

#11 Mdau wa Kibirizi
@NesiWaZamu asante dada, la jua sikuwahi kulifikiria kabisa na ni kweli tupu, jioni ndo maswali yanazidi.

#12 binti_ujiji
Mbona hamjafika kwenye saa zenyewe? Hapo ndo kwenye moto. Mama yangu mdogo aliandikiwa tiketi ya basi kwenda Kahama, muda wa kuripoti 05:00. Yeye kasoma saa tano, akaenda kituoni saa nne kasoro asubuhi na mabegi yake, mapema kabisa kwa hesabu zake. Basi limeondoka alfajiri. Kampuni ikasema muda upo kwenye tiketi mama, nauli hairudi. Alilia pale stendi. Tiketi ilikuwa sahihi, mama mdogo alisoma sahihi, basi likamwacha. Kosa la nani hapo?

#13 KuheMchemsho
Pole yake sana. Dawa ni mfumo wa saa 24, jeshini na hospitali wanatumia, hakuna kuchanganya.

#14 Mwl_Kasulu
@KuheMchemsho hapana mdogo wangu, fikiria vizuri. Saa 24 inasaidia mchana na usiku wa mwanzo tu. Ukiandika 14:00 au 18:00 hakuna Mswahili mwenye saa kumi na nne, kwa hiyo lazima asimame ahesabu. Lakini kuanzia 01:00 mpaka 12:00 kila namba ina maisha mawili. 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri kwa aliyechapa, ni saa tano kwa anayesoma. Na safari zetu nyingi, basi na boti, zinaondoka muda gani? Alfajiri na asubuhi, mulemule kwenye hatari. Aliyeandika 05:00 hajakosea chochote na msomaji hajakosea chochote, namba zile zimebeba mizigo miwili.

Tena huku kwetu kuna la tatu. Bujumbura, Kalemie na Mpulungu saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu wa Kalemie akikwambia tukutane saa 3 uliza saa 3 ya upande upi wa ziwa.

#15 Kaka wa Gungu
Si waandike "saa 11 alfajiri" kwa maneno yetu, imeisha hiyo. Abiria wote wa boti ya Kagunga ni watu wa hapahapa.

#16 FundiFlexi_Mwanga
@Kaka wa Gungu sio wote, wazungu wanaokwenda hifadhi ya Gombe nao wanapanda zile boti ukiacha wanaokodi. Mimi huwa naandika zote mbili, saa 11:00 ALFAJIRI kwa ukubwa, chini yake kwa udogo 05:00. Na nachora jua linachomoza. Mwezi kwa usiku. Mchoro unamaliza ubishi.

#17 NesiWaZamu
@FundiFlexi_Mwanga michoro na alama nazo zina mambo yake, tuulizeni sisi wa dirisha la dawa.

Mnajua bahasha ya dawa ilivyoandikwa 1x3? Sisi tunamaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kuna mgonjwa alikunywa vitatu mara moja kwa siku, kwake ile alama ni ya kuzidisha, moja zidisha tatu ni tatu, akameza tatu yake akalala. Hesabu yake ni sahihi kabisa! Na 2x1 je, ni vidonge viwili mara moja au kimoja mara mbili? Mpaka sisi wenyewe wanafunzi wakija mafunzoni wanauliza. Kwa hiyo mimi nikiwa zamu naandika kwa maneno, kidonge 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku. Foleni inalalamika, mimi nawaambia vumilieni.

Dawa ya mseto ya malaria ndo mfano mzuri. Mtu mzima vidonge 24, vinne vinne mara sita ndani ya siku tatu, na ile dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ni asubuhi na jioni. Ukimwambia mtu hayo yote kwa mdomo akiwa na homa hashiki. Lakini pakiti imegawanywa kwa safu, kila safu ni mlo mmoja wa dawa, ukitoboa safu unaona tundu, unajua umeshameza ipi na imebaki ipi. Pakiti yenyewe inahesabu badala yako. Hapo aliyepanga alifikiria mgonjwa, sio mfamasia.

Ila hata ile saa 8 watu wanaielewa kama saa nane mchana. Namwambia mtu "ya pili baada ya saa nane" anasubiri saa nane ya kesho. Siku hizi naangalia saa yangu namwambia ukisikia adhana ya isha, au taarifa ya habari ya usiku, meza.

#18 Mnyamwezi_Kiloleni
Dah. 1x3 mimi niliimeza hivyo hivyo utotoni ya bibi, vitatu kwa mpigo. Mungu mkubwa.

#19 KaraniMstaafu
Vijana hamjambo. Nimekaa dirisha la tiketi bandarini miaka mingi, naomba niwapinge nyote kwa pamoja.

Mnaongelea herufi, jua, nembo, saa. Hata mkiisafisha ile karatasi iwe kama kioo, watu watauliza, na wana akili sana kuuliza. Kwa nini? Kwa sababu ratiba inasema saa 11 na boti huondoka ikijaa. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unapiga, ziwa linachafuka, nahodha anasubiri litulie. Injini inakorofisha. Mafuta hayajafika. Abiria mzoefu ameshajifunza kwamba karatasi haijui ya leo. Anayeijua ya leo ni yule dada, asubuhi ameongea na nahodha. Kwa hiyo anaposoma kisha akauliza hajashindwa kusoma, anahakiki. Mimi mwenyewe nikisafiri nauliza.

Mnataka karatasi iaminike? Iandikwe tarehe ilipotoka na jina la cheo cha anayeisimamia, na pembeni uwekwe ubao wa chaki wa LEO tu. Boti fulani, saa fulani, ipo au haipo. Chaki inafutika kwa hiyo kila mtu anajua imeandikwa leo. Karatasi ya nailoni inaweza kuwa ya mwaka juzi na inaonekana mpya.

#20 Mdau wa Kibirizi
Mzee @KaraniMstaafu shikamoo. Umenipiga mahali ambapo sikupategemea. Ila nikuulize, basi mbona wageni kabisa nao wanauliza, ambao hawajawahi kudanganywa na ile karatasi?

#21 KaraniMstaafu
Marahaba. Mgeni anamwona mwenyeji anauliza naye anauliza.

#22 binti_ujiji
Na mimi naongeza ya kwangu, maana mzee amefungua mlango. Mtu akija dirishani na "samahani dadangu" hatafuti saa peke yake. Anataka ajulikane. Akiuliza, dada wa tiketi amemwona sura, boti ikitaka kuondoka mapema dada atasema subirini yule mama wa Mwamgongo alikuwa hapa. Karatasi haikusubiri wewe. Dizaini yoyote isiyohesabu hilo itashindwa huku kwetu.

#23 FundiFlexi_Mwanga
@binti_ujiji @KaraniMstaafu nawaheshimu ila hapo mnawapa wenye mabango kisingizio. Wakisikia "watu watauliza tu" hawatatengeneza kitu. Yule mama mdogo angemuuliza nani alfajiri ile? Tiketi ndo alikuwa nayo mkononi nyumbani kwake, hapakuwa na dada wala ubao wa chaki. Kuna sehemu karatasi inabaki peke yake na mtu, na hapo lazima ijitosheleze.

#24 Kaka wa Gungu
Fundi 1, Mzee 1. Tunaenda dakika za nyongeza.

#25 Mtoto wa Reli
Wakuu mimi naleta hoja ya ramani, kwa nini wasichore ziwa na vijiji vyote kwa mstari, kama ile ramani ya treni za chini ya ardhi za London? Ile iliyochorwa 1913 na yule injinia wa reli.

#26 Mwl_Kasulu
@Mtoto wa Reli ilitoka 1933, aliichora Harry Beck mwaka 1931, na hakuwa injinia wa reli, alikuwa mchoraji wa michoro ya umeme. Mwanzoni waliikataa kwa sababu haifuati umbali halisi. Yeye aliona abiria aliye chini ya ardhi hahitaji kujua mto unapinda wapi, anahitaji kujua abadilishe treni wapi na vituo vingapi vimebaki. Mistari ikawa imenyooka, wima, mlalo na mshazari wa nyuzi 45, katikati ya mji akaipanua, nje akaibana. Ilipokwenda kwa abiria waliipenda mara moja.

#27 Kaka wa Gungu
Mi siipendi hiyo kwa ziwani. Kule treni ikifika imefika. Huku umbali ni mafuta, ni dagaa kuharibika, ni mtoto kutapika njiani. Ukinichorea vijiji vyote vimeachana sawa kama shanga nitadhani Kagunga ni hapo tu. Ziwa linataka umbali wake.

#28 Mtoto wa Reli
Sawa mkuu, basi tuandike masaa kati ya kijiji na kijiji, mstari unyooke lakini namba isiseme uongo. Kwani ile meli ya Liemba ratiba yake ilikuwaje zamani? Nasikia ilijengwa 1927.

#29 KaraniMstaafu
1927 ni mwaka iliorudi kazini, kijana. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Ratiba yake tulikuwa tunaandika kwa chaki.

#30 KuheMchemsho
Mzee na chaki yake 😂😂

#31 KujiteleaKagunga
Mmenikumbusha 2015. Nilijitolea Kagunga wakati Warundi wanaingia kwa maelfu, kipindupindu kikapiga, ile ile Liemba ikawa inawahamisha kuwaleta Kigoma. Tulipewa mabango ya kunawa mikono, picha nne kwenye mraba, mbili juu mbili chini. Sisi tulioenda shule tunasoma kushoto kwenda kulia halafu unashuka. Kuna wamama walisoma kushuka kwanza halafu kupanda tena, kwa hiyo wakapata anakula, halafu ananawa. Hakuna aliyewaambia pa kuanzia. Tukachukua kalamu ya wino tukaandika 1 2 3 4 na mishale, ikakaa sawa.

Na ndo huko nikasikia habari ya yule daktari wa Paris aliyechora ramani ya wafu akakuta kisima.

#32 NesiWaZamu
London, sio Paris. John Snow, 1854, mtaa wa Broad, Soho. Kila aliyekufa aliwekewa kistari mbele ya nyumba yake, vistari vikarundikana kuzunguka pampu moja ya maji. Mpini wa pampu ukaondolewa. Ila kwa haki ya ukweli mlipuko ulikuwa tayari unashuka mpini ulipoondolewa, watu wengi walishakimbia mtaa. Nguvu ya ile ramani ni kwamba namba za vifo zilikuwepo ofisini tayari, lakini ziko kwenye orodha ya majina, na orodha haikuonyeshi pampu. Hongera sana kwa kazi ya Kagunga, ile haikuwa kazi ndogo.

#33 Mwl_Kasulu
@KujiteleaKagunga hilo la mishale nitalitumia darasani.

Na kwa kuwa tupo kwenye picha, acha niseme linaloniuma. Mkutano wa chama cha msingi cha kahawa, wilaya siitaji, walionyesha mavuno ya mwaka jana na mwaka huu kwa picha ya gunia. Mavuno yameongezeka mara mbili, kwa hiyo gunia la pili limechorwa mara mbili kwa urefu. Na mara mbili kwa upana pia! Jicho linaona gunia kubwa mara nne. Wazee wakapiga makofi, malipo yalipokuja hayakulingana na makofi. Huko Vienna miaka ya 1920 Otto Neurath na wenzake walishaweka sheria, kama kitu ni kingi zaidi chora VINGI zaidi kwa ukubwa uleule, usichore kikubwa zaidi. Gunia moja, magunia mawili, mtoto anahesabu. Wakulima wanastahili namba za jasho lao zichorwe kwa ukweli.

#34 Mnyamwezi_Kiloleni
Na zile chati ambazo nguzo haianzii sifuri! Inaanzia 900, ya mwaka jana 950, mwaka huu 1,000, nguzo inaonekana imepanda maradufu. Kwetu tumbaku tumeyaona hayo.

#35 Kaka wa Gungu
Mimi naona alama bora kuliko zote Tanzania ni X ya barabara, ile ya nyumba ya kubomolewa. Ukiikuta ukutani kwako hakuna mtu anauliza maana yake nini. Haina nembo, haina yah.

#36 Mtu wa Mwandiga
@Kaka wa Gungu hapo naomba nikukatalie, maana mimi nina shida ya rangi, nyekundu na kijani kwangu zinafanana, nimezaliwa nayo. X nyekundu upo ndani ya hifadhi ya barabara, hulipwi. X ya kijani umefuatwa na hifadhi ilipoongezwa kutoka mita 22.5 hadi 30, unalipwa fidia. Tofauti ya kulipwa na kutolipwa ipo kwenye rangi tupu. Nyumba ya marehemu baba ilipochorwa ilibidi nimuulize jirani yangu ni rangi gani, na ukuta wenyewe ni tofali za kuchoma. Wangeongeza herufi moja tu pembeni, F ya fidia, ningeona mwenyewe. Rangi ifuatane na kitu kingine, umbo au neno, isiachiwe peke yake.

#37 binti_ujiji
@Mtu wa Mwandiga pole kaka, na asante kwa kulisema. Nadhani wapo wengi hawasemi.

#38 KuheMchemsho
Nauliza kingine, kwa nini namba ya tokeni ya umeme naisoma bila kukosea na ni ndefu, ila kontrol namba ya malipo ya serikali kila siku narudia?

#39 Mtoto wa Reli
Binadamu anashika vitu 7 tu kichwani, ilithibitishwa 1956. Ndo maana bango zuri lisizidi mistari saba.

#40 Mwl_Kasulu
@Mtoto wa Reli George Miller 1956 alikuwa anaongelea kumbukumbu ya muda mfupi, vitu ulivyoambiwa na haviko tena mbele yako. Bango liko mbele yako, huna haja ya kulishika kichwani, msimamo wa ligi una timu zaidi ya saba na unasomeka. Ila kwa swali la @KuheMchemsho Miller anaingia vizuri. Tokeni ya umeme ni tarakimu 20, zimekatwa nne nne, unashika nne unabonyeza, unarudi kuchukua nne. Kontrol namba ni 12 tu lakini zimeshikana, ukirudi macho hayajui uliishia wapi. Fupi inakushinda, refu unaiweza, kwa sababu ya nafasi tupu ambazo fundi analilia.

#41 FundiFlexi_Mwanga
Nafasi tupu hizo hizo! Asante mwalimu.

Kwa walioniuliza inbox ukubwa wa herufi, kanuni yetu ya kazini ni kila mita 3 za umbali herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi. Bango la kusomwa ukiwa mita 12, herufi sentimita 10. Pima kwanza mtu atasimama wapi, sio ukuta una ukubwa gani. @Mdau wa Kibirizi nimechora jedwali la mfano, vijiji kushoto kushuka chini, siku juu, nakutumia ukawaonyeshe.

#42 binti_ujiji
Fundi kwa nini vijiji kushoto? Mtu anaamka anajua leo Alhamisi. Weka siku kushoto.

#43 KaraniMstaafu
Vijiji kushoto ni sawa. Mtu anajua anakokwenda hata miezi miwili kabla, siku ndo anayoitafuta.

#44 Kaka wa Gungu
Mwenye mzigo anaangalia siku. Mwenye msiba anaangalia kijiji. Mnamchorea nani?